Bamba Mlilonipa Halipo Ukutani

Vijana wangu wa maabara,

Siku mliponiaga mlinipa lile bamba la pete ndani ya fremu ya kioo, na chini yake mkaandika jina langu kwa herufi za dhahabu. Tangu nihamie Kibiti mmenipigia simu mara kadhaa kuniuliza nimelitundika wapi, na kila mara nimewaambia mtandao unakatika. Mtandao haukukatika. Bamba halipo ukutani, halipo hata nyumbani kwangu, na sababu yake ni aibu ambayo siwezi kuisimulia kwenye simu huku mke wangu anapepeta mchele pembeni yangu. Na kwa kuwa Dokta Rehema aliniomba zamani niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi, nitaanzia mwanzo, nanyi mtavumilia. Vyeo na mishahara sivitaji. Vyote vilikuja vimechelewa na havina hadithi.

Jambo moja mlijue mapema, maana wengi wenu mmezaliwa mjini. Ukoo wetu wa Mtunda una watani wake Salale, kule deltani kwenye mikoko, tangu enzi za mababu. Mtani akikukuta njiani atakutukana, atakuvua kofia aende nayo, na msibani kwako atacheza na kuchekesha watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mwaka wangu wa mwisho wa kazi watani wangu waliacha kunitania. Wakaanza kunisalimia kwa adabu. Kwa mtu wa kwetu hiyo si heshima, ni hukumu, na niliipata kwa ajili ya bamba hilo.

Nilipokuja maabara sikuwa kijana. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, natokea karakana ya redio, na nilijiona fundi hasa. Fundi mkuu wakati ule alikuwa Bwana Kasimu, mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Siku ya kwanza alinikabidhi bamba dogo lenye michoro ya shaba akasema, "Hili linapitisha mwanga, lakini si kila mwanga." Nikalichukua hadi dirishani, nikaliinua juani, nikafumba jicho moja nikachungulia. Mafundi wengine waliacha kazi zao wakanitazama. Bwana Kasimu aliniacha nichungulie mpaka shingo ikaniuma.

"Umeona nini?" akauliza.

"Sijaona kitu, mzee."

"Mimi niko hapa miaka nenda rudi, na sijaona pia. Rudisha mezani."

Watu walicheka, nami niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Baadaye ndipo aliponielekeza. Mwanga tunaoushughulikia ni ndugu wa mwanga wa taa, ila mawimbi yake ni marefu, jicho haliyapati. Ni ukoo mmoja na mawimbi ya simu na ya zile oveni za kupashia chakula. Unalirusha wimbi upande huu wa bamba, upande wa pili kuna kipokezi, na mashine inakuchorea mstari kuonyesha kiasi gani kimepita. Mstari ukizama, bamba limezuia. Mstari ukipanda, bamba limeachia njia. Macho yetu ni huo mstari tu, na Bwana Kasimu alikuwa akiutazama kama wengine wanavyotazama mpira.

Nyinyi mnalijua hili kuliko mimi, ila naliandika kwa atakayekuja baada yenu. Pete moja ya shaba iliyokatwa kidogo pembeni huitikia wimbi la aina moja. Wimbi hilo likifika, pete inalishika na kulizuia lisipite. Sasa weka jirani yake pete ya pili ambayo wimbi lenyewe haliwezi kuiamsha. Hiyo tunaiita pete ya giza. Ya kwanza ikitikisika inaiamsha ya pili, ya pili inarudisha mtikisiko kinyume, na pale pale ambapo wimbi lilikuwa linazuiwa linafunguka dirisha jembamba, wimbi likapita kana kwamba bamba halipo. Yote yako kwenye umbali. Ukiziachanisha mno, pete hazijuani na dirisha halifunguki. Ukizibana mno, dirisha linatanuka hovyo halikufai kwa kipimo chochote. Kazi yangu ya miaka yote hiyo, ukiondoa maneno makubwa, ilikuwa kusogeza pete.

Pete zenyewe tulizitengeneza kwa dawa ile ya rangi ya kahawia inayokula shaba. Ilikula shaba, ikala na mashati yangu. Nilikuwa na vidole vya njano kama mvuta sigara, na sheikh wa mtaani kwetu aliniuliza faraghani kama nimeanza. Bwana Kasimu alisafisha mabamba kwa mswaki wa meno, mswaki laini wa watoto, na hakuruhusu mtu auguse. Alikuwa na msemo mmoja, "Shaba haisahau kidole," maana ukiigusa kwa mkono mtupu, kesho utaliona doa lako pale pale. Kwa hiyo alitufundisha kutazama huku mikono iko mgongoni. Mgeni akiingia, hata awe mkuu wa nani, "Mikono mgongoni, bwana." Nilizoea hivyo mpaka nikawa nasimama mikono mgongoni hata buchani. Nataka mkumbuke hilo nitakapofika mbele.

Mamaangu, Bi Zena, Mungu amrehemu, aliishi Mtunda na kulima maisha yake yote. Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona nikiwa na kazi hii aliniuliza ninafanya nini huko mjini. Nilianza na mawimbi, nikaona macho yake yanakwenda kwa kuku. Nikaona habari ni ndefu, nikakata. "Tunatengeneza pete, mama. Za shaba."

"Ala. Umekuwa sonara."

"Kama hivyo."

Akashika ndewe zake za masikio, akacheka. "Basi na mie siku moja nitavaa."

Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba pete zangu hazivaliki. Akatangaza kijiji kizima kwamba mwanawe ni sonara, na watani wa Salale wakalipata hilo jina wakalishika kwa meno. Mama nilimpelekea kanga, dawa za presha, bati za nyumba. Pete sikumpelekea, wala mkufu, wala hereni. Hakuomba tena, nami sikukumbuka.

Bwana Kasimu alipostaafu aliniachia mswaki wake. Miaka ikaenda, maprofesa wakaja na kuondoka, mimi nasogeza pete. Halafu akaja Rehema, wakati huo hajawa dokta, msichana wa Bukoba mwenye haraka ya kusema na subira ya kupima. Yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wote hatukuwahi kuliuliza: dirisha hili linafaa nini? Akapata wazo la kupitisha mrija mwembamba wa maji nyuma ya pete ya giza. Maji yakiwa matamu, dirisha linabaki wazi. Chumvi ikizidi, pete ya giza inachoka, haiitikii vizuri, na dirisha linafifia mpaka linafunga. Akataka mahali ambapo chumvi na maji matamu vinagombana kila siku. Nikamwambia, "Mahali hapo napajua. Kuna watu huko watakaonitukana, usishtuke."

Ndivyo nilivyorudi kwetu nikiwa mtumishi. Tulipanga chumba Kibiti, nyuma ya duka la pembejeo, tukaweka mashine na betri, na kila baada ya muda tunashuka Nyamisati kupanda boti kwenda Salale. Wakulima wa mpunga kule wanaishi kwa kuomba maji ya mto yawe na nguvu kuliko ya bahari. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, likipanda vibaya wakati mpunga mchanga, shamba linaungua kwa chumvi. Tulifikia kwa Bi Mwajuma, mjane mkubwa wa umri, mtani wangu wa damu kabisa, aliyenitania tangu nikiwa natambaa. Siku ya kwanza Rehema aliona ajabu. Tumeshuka botini, matope magotini, mimi nimebeba mashine kichwani, na bibi yule amesimama ukingoni.

"Sonara kaja," akasema kwa sauti ya kusikika na ng'ambo. "Mwangalieni kichwa kifuu, hata nywele zimemkimbia. We binti, huyu anakulisha kweli au anakulambisha shaba?"

Rehema akanigeukia kwa hofu. Nikamwambia bibi, "Na wewe bado hujafa? Nimekuja na jembe."

"Utatangulia wewe, nile sahani ya pilau msibani kwako."

Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Kisha akatupikia kamba kwa nazi, akatuonyesha pa kulala. Tulipokuwa tunapima kwenye mashamba alikuja kukaa karibu, na tulimfundisha kama tulivyomfundisha kila mtu, mikono mgongoni. Alijua kwamba pete ya giza tumeiweka kwenye kibanzi, kipande chembamba kinachotelezeshwa kwa skrubu, na kwamba kibanzi hakiguswi. Alikuwa akiwafukuza watoto wa watu: "Msiguse kibanzi cha sonara, dirisha litafunga tukose mpunga."

Kazi ngumu ilikuwa hicho kibanzi. Umbali uliokuwa mzuri maabara haukuwa mzuri Salale. Joto, unyevu, hewa ya chumvi, vyote vilikuwa vinasogeza mambo. Rehema alihangaika msimu mzima. Unakaza skrubu kidogo, dirisha linatokea, unapumua, linapotea. Asubuhi moja likatokea, jembamba, refu, likatulia. Tukabadilisha maji, tukarudisha, limetulia. Rehema akakaa chini kwenye tuta la shamba akajifunika uso. Wakaguzi waliokuwa wanaamua kama utafiti wake utaendelea au utafungwa walikuwa wanakuja Kibiti wiki hiyo hiyo. Tukakubaliana nilipeleke bamba mimi mwenyewe, yeye afuate na mashine, nikifika nikitie kibanzi gundi ya kudumu kisisogee tena, maana gundi tuliisahau Kibiti. Vijana, gundi isiachwe nyuma kamwe.

Nikiwa nafunga begi ndipo simu ikaja kutoka Mtunda. Mamaangu amefariki alfajiri.

Nilimwambia Bi Mwajuma. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kanga nyingine, akawaita ndugu zake wawili watatu, tukapanda boti moja. Njia nzima hakunitania. Boti ilikuwa inapiga maji, na yeye alilichukua begi langu akalipakata, akalifunika kwa upande wa kanga yake.

"Kuna nini humu?" akaniuliza.

"Bamba. Zile pete."

"Haya," akasema, akalivuta karibu zaidi na tumbo lake.

Tulipofika Mtunda walikuwa wananisubiri. Tulizika kabla ya alasiri. Begi nililiweka chumbani kwa mama, juu ya kitanda chake, nikaona ndiyo salama. Tuliporudi makaburini, watu wamekaa mikekani, watani wameshashika sufuria, moshi umetanda, nami nimekaa na wanaume nikiwa sijalia bado. Ndipo Bi Mwajuma alipotoka chumbani kwa mama. Amejifunga kanga ya mama, ameshika fimbo ya mama, anakohoa kikohozi cha mama kile kile cha kuvuta mwishoni. Na shingoni, kwa kamba ya katani iliyopitishwa kwenye tundu la kutundikia, amevaa bamba.

"Jamani nipisheni, marehemu nimerudi," akasema. "Nimesahau mkufu wangu. Mwanangu sonara kachonga pete umri wake wote, mie mamaake nakwenda kaburini shingo tupu, masikio matupu. Leo ndo kanikumbuka. Tazameni, jamani, kanikumbuka."

Watu waliangua kicheko. Dada yangu alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka, na ndivyo inavyotakiwa iwe, mtani anakutoa machozi kwa mlango wa kicheko. Na mimi nikainuka. Nilivuka mikeka, nikaukanyaga mguu wa mtu, nikalishika bamba nikalivuta shingoni mwake. Kamba ilimchuna, akapepesuka. Nikasema, tena kwa sauti, "Mpumbavu wee, unajua hiki ni kitu gani?"

Kicheko kilikatika. 

"Najua," akasema Bi Mwajuma. "Pete."

Akaivua ile kanga ya mama, akaikunja taratibu, ikawa mraba mdogo, akaiweka mkekani mbele yangu na fimbo juu yake. Akawaita watu wake. Waliacha sufuria motoni wakaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Wali uliungua. Mamaangu alimaliziwa matanga bila watani, na wazee wa Mtunda wanasema hawakumbuki msiba wa namna hiyo.

Nikatazama bamba. Yeye alilivaa kwa kushika kingo, kama tulivyomfundisha, na kibanzi kilikuwa hakijaguswa. Niliponyakua, kidole changu ndicho kilichokisukuma. Nilikisikia kabisa kikiteleza. Dirisha la Rehema lilifungwa na mkono wangu mwenyewe.

Kwa muda mrefu nilijiambia nilikasirika kwa ajili ya bamba, kwa ajili ya kazi ya binti wa watu. Si kweli. Ningekuwa na hofu na bamba ningemwambia taratibu, "Mtani, rudisha, nitakukomboa kwa kuku," naye angerudisha. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Mamaangu alishika ndewe zake akasema siku moja atavaa, na mimi nilikuwa nimesahau mpaka mtu mwingine akanikumbusha mbele ya kaburi bichi. Niliona aibu, na aibu nikaigeuza hasira nikamvika mwanamke mkubwa kuliko mimi. Hilo nalisema wazi kwa sababu nimechoka kulizungushazungusha.

Wakaguzi walikuja. Tuliwasha mashine, mstari ukazama na kubaki chini. Rehema alikaza na kulegeza huku jasho linamtoka, wakaguzi wanaangalia saa zao kwa ustaarabu. Walimpa muda wa nyongeza, mfupi, na alihangaika upya tangu mwanzo mpaka akalipata dirisha, safari hii na gundi juu. Mengine mnayajua, leo ni dokta wenu. Jioni ya wakaguzi nilimweleza yote yaliyotokea Mtunda. Aliniangalia kwa huruma akasema, "Pole sana, mzee. Ulikuwa unaokoa kazi yangu. Asante." Nilikosa pa kuuweka uso. Kwao hakuna utani wa namna yetu, sikuweza hata kumweleza kwa nini asante yake inaniumiza.

Nilimtuma shemeji yangu Salale na mbuzi na mchele, ndiyo faini ya mtu aliyemkasirikia mtani. Mbuzi alirudi. Ujumbe wa Bi Mwajuma ulikuwa, "Mwambieni Mheshimiwa asijisumbue." Nikaenda mwenyewe. Alinikaribisha kiti, akanipa maji kwenye glasi juu ya kisahani, akaniuliza hali ya mke wangu na watoto, akanisindikiza hadi kwenye boti. Hakuna alichokosea. Kisha siku moja, karibu na kustaafu kwangu, tulikutana stendi ya Ikwiriri. Mwanamke aliyenibeba mgongoni akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, Mheshimiwa." Sikuweza kuitika marahaba. Nilisimama pale mikono mgongoni, abiria wananipita, mpaka alipopanda basi lake.

Ndipo mkaniaga. Mlipika, mkahutubia, mkatoa lile bamba kwenye karatasi ya kung'aa, bamba lile lile, maana mlijua ndilo lililotupa jina. Mliona nimeinama nikashindwa kusema, mkadhani ni furaha. Nililitundika Kibiti sebuleni kweli, msidhani nililitupa. Wageni wakija wanaliuliza, nami nawaambia ni zawadi. Kila nilipokula nilikaa nimelipa mgongo.

Halafu nikiwa Ikwiriri kununua mchele, muuzaji mmoja akamwambia mwenzake kwamba Bi Mwajuma wa Salale amefariki, wanazika leo. Nilisikia kwa masikio ya kuibia. Watani ndio wa kwanza kupewa habari ya msiba, na sisi hatukupewa. Nilirudi nyumbani, nikaishusha fremu, nikafungua kioo kwa bisibisi, nikatoa bamba. Nikachukua kamba ya katani. Kabatini nikachukua kanga ya mama, ambayo sikuwahi kuikunjua tangu siku ile, ilikuwa bado kwenye mikunjo ya mikono yake. Mke wangu aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kazini. Kwenye boti nilipakata begi mwenyewe.

Nilifika wamesharudi kuzika. Walinikaribisha vizuri mno, kiti, maji, pole na safari. Nikakataa kiti. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifunga kanga ya mama, nikatundika bamba shingoni, nikaokota fito iwe fimbo. Mimi si mchekeshaji. Sijawahi kuchekesha mtu kwa makusudi maishani. Nikatokea mbele ya watu, nikakohoa kile kikohozi cha mama kama Bi Mwajuma alivyokikohoa, nikasema, "Jamani nipisheni, marehemu nimerudi. Nimesahau mkufu wangu. Mwanangu sonara..."

Nikakwama hapo. Hakuna aliyecheka. Wanaume walitazama mikeka, mtoto mmoja akamuuliza mamaake huyu babu ana nini.  Nikaona nimekuja kuharibu msiba wa pili, na kwamba safari hii hata aibu yenyewe itanichoka.

Ndipo akainuka Bi Asha, mdogo wake marehemu, naye alikuwapo Mtunda siku ile, kibibi aliyepinda, mwenye jino moja la mbele. Alikuja polepole na fimbo yake halisi mpaka akanifikia. Akalitazama bamba, akanitazama mimi. Halafu akalishika akalivuta kwa nguvu ambayo sikuijua kama anayo, kamba ikanichuna shingo ikakatika, nami nikapepesuka.

"Mpumbavu wee," akasema, kwa sauti yangu, ya puani, na ule mkazo wangu wa msomi. "Unajua hiki ni kitu gani?"

Mtu mmoja upande wa wanawake aliguna. Mwingine akakohoa kicheko. Kisha uwanja mzima ukaangua, wanaume wakajipiga viganja mapajani, na yule mtoto akacheka kwa sababu wenzake wanacheka. "Pete," nikasema, na wakacheka zaidi. Nilikaa chini mchangani na kanga ya mamaangu usoni, nikamlilia mama, nikamlilia na Bi Mwajuma, kilio kile nilichokuwa sijakilia Mtunda. Nilipoondoa kanga usoni, Bi Asha alikuwa ameshaondoka na bamba, na kijana mmoja ananiita kichwa kifuu, anauliza kama nitaosha masufuria au nimekuja kula tu. Nikaosha masufuria.

Msiniambie nimesamehewa. Aliyestahili kunitukana siku ile yuko chini ya udongo, na shikamoo yake bado iko masikioni mwangu haijaitikiwa. Wala msinitake niwafananishe watu na pete za shaba, Bwana Kasimu alichukia mifano. Nimewaeleza tu bamba lilipo. Lilichukuliwa na mtani msibani, na kitu kilichochukuliwa hivyo ni chake mpaka atake mwenyewe kukirudisha.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Ikwiriri, kwenye magunia ya ufuta. Nikasikia naitwa kutoka ng'ambo ya barabara. "Sonara! We kichwa kifuu! Kamba yako mbovu, imekatika tena. Njoo uifunge."

Watu wakageuka. Bi Asha amekaa kwenye ngazi ya duka, bamba liko mapajani, shaba imejaa madoa ya vidole mpaka imekuwa nyeusi. Nikavuka barabara. Nikaunganisha kamba, kwa fundo alilonifundisha Bwana Kasimu, lisilofunguka. Nikamrudishia bamba, hakulipokea. Akavuta ushungi wake nyuma, akainamisha shingo, shingo kavu ya kizee kama ilivyokuwa ya mamaangu, akangoja.

Nikamvika. Nikamuuliza kama kamba imembana.